Gitaa la Marehemu na Ukuta wa Jikoni

"Nisukume ukuta mimi? Kwa mgongo huu?" Mkunga aliuliza kupitia dirisha la jikoni la jirani yake. "Mwanangu, mimi hata ndoo naomba nibebewe."

"Jana kabati langu lilikuwa linafunguka, leo mlango wake unagonga ukuta," alisema Mshonaji. "Ukuta ni wetu wawili, Mama Mkunga, na aliye upande wa pili ni wewe."

"Muulize fundi wako. Kila akikaza uzi, chumba changu kinapumua."

Fundi, ambaye kazi yake hasa ni vitanda na viti, alikuwa barazani na gitaa mapajani. Mshonaji alilirithi kwa baba yake pamoja na nyumba, nalo lilikuwa na shingo iliyopinda na tumbo lililopasuka. Marehemu aliziba ule ufa kwa gundi ya viatu na misumari minne.

"Misumari!" Fundi alimwambia kila aliyepita. "Kwenye gitaa! Alikuwa anaziba ufa au anafunga jeneza?"

Kwa wiki tatu aling'oa misumari, akabandua gundi kwa kisu cha moto, akanyoosha shingo kwa mvuke, akapiga msasa. Sasa zilibaki nyuzi sita. Mbili alishazikaza jana.

Mwenye haraka alikuwa Mshonaji. Siku ya kugawana vitu vya marehemu, kaka yake mkubwa alisema wazi kwamba gitaa lisipoimba kufikia Jumamosi, ukoo ukikutana, analibeba. Naye kaka alikuwa ameshabeba redio, kiti cha uvivu, hata mwavuli uliovunjika.

"Kaza wa tatu tuone," alisema Mshonaji.

Fundi akakaza. Ukuta ukasogea shubiri moja kuingia jikoni, kwa sauti ya droo inayovutwa. Sufuria ikaanguka. Mshonaji akaiokota, akaikagua kama imebonyea. Uzi wa nne ukasukuma jiko pembeni, sakafu ikabanduka, na pale lilipokuwa limesimama ukaonekana mstari wa mawe ya msingi.

Mkunga alizunguka, akaingia, akainama kuyatazama.

"Huu ndio msingi wa ukuta wetu wa zamani," alisema. "Nilikuwa zamu siku nne mfululizo. Kurudi, baba yako ananiambia mvua imeangusha ukuta, ameujenga upya kwa gharama zake. Nikamshukuru! Nikamletea na kuku! Miaka ishirini na sita navaa gauni nimesimama mlangoni, chumba hakinitoshi, na nilimpa kuku!"

"Kumbe ndiyo maana," alisema Mshonaji.

Baba yake hakuwahi kukaza nyuzi hadi mwisho, na kila alipomaliza kupiga alizilegeza. Wanawe aliwaambia kwamba shingo inahitaji kupumzika. Ukoo mzima ulizoea kuimba chini ili kulifuata gitaa, hata kwenye kwaya waliwekwa mstari wa nyuma.

"Bado nyuzi mbili," alisema Mkunga. "Kaza, fundi. Ukuta urudi kwenye mawe yake."

"Na jiko langu niliweke wapi? Kichwani?"

"Hilo ungemuuliza baba yako."

"Marehemu hasemwi vibaya, Mama Mkunga."

"Simsemi mimi. Anasemwa na ukuta."

Wote wawili wakamgeukia Fundi.

"Mimi nililetewa gitaa," alisema. "Kesi ya kiwanja sikuletewa."

"Zilegeze zote," alisema Mshonaji.

"Nilegeze? Wiki tatu zote hizi? Litaimba kama mtu mwenye mafua!"

"Ndivyo lilivyokuwa likiimba. Legeza."

"Nitashtaki," alisema Mkunga.

"Shtaki. Hakimu akikuuliza shahidi ni nani, utamwambia ni gitaa?"

Mkunga akatoka, akaenda zake. Fundi akalegeza huku akisonya kwa kila uzi. Ukuta ukarudi shubiri kwa shubiri, na upande wa pili kikasikika kitanda kikiburuzwa hadi kikagota.

Jumamosi ukoo ulijaa, wengine wakakaa kwenye ngazi. Fundi akapiga. Sauti ilitoka nzito, ya chini, yenye kukwaruza, na hakuna uzi uliokaribia mahali pake. Shangazi mtu akajifuta machozi.

"Ni yeye mwenyewe!" alisema. "Fundi, una mkono!"

Fundi aliinamisha kichwa kwa aibu, nao wakadhani ni unyenyekevu. Kaka mkubwa alisikiliza nyimbo tatu akitafuta kasoro, asiipate, maana hata yeye hakuwahi kusikia gitaa lililokazwa. Ukuta haukutikisika.

Nyimbo zikiendelea, Mkunga alirudi kutoka zamu, viatu mkononi. Alikuwa amekwisha kupita dirisha la jikoni Mshonaji alipotokea mlangoni na sahani iliyojaa.

"Mama Mkunga, unapitaje kimyakimya kama mgeni?" alisema. "Ingia ule. Keti hapa jikoni, kuna nafasi. Jisikie uko kwako."