Mtani kwenye Simu ya Kanali

Mume wangu Damas nusura afukuzwe jeshini kwa kulala kaburini. Wala hakuwa amelewa, afadhali angelewa. Alikuwa Kongo, kwenye ulinzi wa amani, na siku yake ya mapumziko akatoka kambini bila ruhusa kwenda msibani kijiji cha jirani. Alipowasikia wafiwa wanavyoongea, akawaona kama Wamanyema wa mtaani kwetu Gongoni, watani wa sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Basi akaruka kaburini, akajinyoosha, akatangaza kwamba pamemtosha yeye, marehemu atafutiwe pengine. Wenyewe utani huo hawaujui. Wakapiga mayowe, wakaenda kumshtaki kambini.

Mtu mzima, miaka kumi na moja jeshini!

Kanali alitaka shahidi wa huo utani. Damas akampa namba ya nani? Ya Saidi, fundi cherehani, jirani yetu, Mmanyema ambaye hajawahi kuitikia salamu yangu bila kunitukana kwanza. Siku ya shauri nilikaa kibandani kwake na rozari mkononi. Simu ilipoita, akaweka spika.

"Unamfahamu Koplo Damas?" Kanali akauliza.

"Sana, mheshimiwa. Mfungeni! Mnyamwezi huyo, mtwisheni mizigo, ndiyo kazi anayoiweza."

Nikampiga kofi la mgongo. "Shemeji, acha! Watamfukuza kweli!"

Saidi akavua miwani.

"Mheshimiwa, mwaka juzi tulimzika baba yangu. Siku mbili nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Damas akalala kaburini vilevile, akagoma kutoka mpaka nimbembeleze. Nikacheka, kisha ndipo nikaweza kulia. Jioni nikala. Kosa lake huko ni kutouliza kwanza hao ni nani."

Jumatatu Damas akanipigia. Siku ishirini na moja haruhusiwi kutoka kambini, ila siku moja atapelekwa kwa wafiwa kuomba radhi. Kazi yake bado anayo. Nililia kwa furaha palepale sokoni, sikuona aibu.

Nikaenda kumshukuru Saidi. Hata hakuinua macho kwenye cherehani.

"Nimejitetea mwenyewe," akasema. "Wakimharibu huyo, siku yangu ikifika nani atalala kaburini kunichelewesha?"

Nikamwambia asijali, mimi nitakuwepo, na nitawahimiza wafukie haraka.