Beseni la Mama Jamilah

Siraje alikuwa amekwisha kumwaga kifusi cha tipa ya nne asubuhi ile, na sasa akileta ya tano, alipomwona mwanamke amesimama katikati ya njia, beseni jeupe kiunoni. Alikuwa Mama Jamilah, Mnubi kama yeye, msusi wa vikapu aliyekata mafunjo miaka thelathini katika kinamasi kile cha chini ya mtaa wa Kisugu. Sasa tajiri mmoja alikuwa anakifukia ajenge maghala.

"Nipishe, Mama. Huoni tunawaondolea mbu?"

Alisema kwa moyo safi. Wiki iliyopita bintiye Lailah alilazwa kwa malaria, akiweweseka, naye Siraje akaapa kulizika kila tone la maji yale.

"Lailah anaendeleaje?" Mama Jamilah akauliza.

"Ameanza kula, alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi. Basi shuka kidogo, mwanangu."

Akashuka. Mama akakunja gauni, akaingia mafunjoni maji yakimfika magotini, akachota. Besenini mlikuwa na visamaki vidogo kama kucha, wadudu wa maji, na mtoto wa kereng'ende aliyekuwa akimtafuna kiluwiluwi mmoja wa mbu. Hakukuwa na kiluwiluwi wa pili.

"Hawa ndio askari wetu," akasema, akawarudisha taratibu majini.

Kisha akaenda kwenye mitaro iliyochimbwa na matairi ya tipa, iliyojaa mvua ya juma lile, akachota tena. Maji yakawa yanachezacheza beseni zima. Viluwiluwi hawahesabiki.

Siraje alizitambua alama za matairi yake.

"Humu hamna samaki, na jua linapiga wazi," Mama akasema. "Watu wa afya waliponifundisha kazi hii ya kuchota viluwiluwi, tulingoja wiki mbili tangu yai mpaka mbu aruke. Kwa joto la siku hizi, hata siku kumi hazitimii. Na mvua nayo haina msimu tena."

Hakumlaumu hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililompiga Siraje: mtu anayefukiwa riziki yake, na bado ameanza kwa kumjulia hali mtoto.

Akapanda tipa, akarudi nyuma, akamwaga kifusi alichobeba juu ya mitaro ile. Wakasawazisha pamoja, Mama kwa jembe, yeye kwa koleo, mpaka adhuhuri. Ndipo akampigia tajiri simu: "Tafuta dereva mwingine."

Tajiri alimpata. Theluthi ya kinamasi ilikuwa imekwisha kufukiwa Mama Jamilah alipoliweka beseni la viluwiluwi wa mitaroni mezani kwa mwenyekiti wa mtaa, Cleopas, mkutano mzima ukichungulia. Kazi ikasimamishwa.

Homa hazijakoma Kisugu, ila mafunjo yaliyobaki bado yamesimama. Siraje siku hizi hubeba mchanga huko Nakivubo, na madereva wenzake wakimcheka kwa kuikataa kazi nzuri, huwajibu, "Ningewaleta nyinyi mkamwone yule mama akichota maji, mngezima injini wenyewe."