Mchungaji Tillery na Shemeji Yake

Jumatano ile Mchungaji Ezell Tillery aliwafundisha waumini wake kupigwa. Aliwapanga wawili wawili katikati ya viti vya kanisa, mmoja akijifanya mzungu, mwingine mwandamanaji.

"Mtukane," alisema. "Mvute nywele. Na wewe unayepigwa, lala ujikunje, magoti tumboni, mikono kichwani. Usirudishe hata kofi moja."

Mkewe, Verlene, alipangiwa shemasi mzee aliyeona haya kumgusa. "Nipige, mzee wangu," Verlene akamwambia. "Jumamosi wazungu wenyewe hawataona haya."

Ndipo alipoingia Roscoe Gaines, kaka yake Verlene, vumbi la mbao limemjaa mabegani, ametoka kiwandani moja kwa moja. Alikuwa amepigana Korea. Tangu kanisa la jirani lichomwe moto mwezi wa tano, yeye na wenzake walikuwa wakilinda mitaa ya weusi ya mji wa Pinder kwa bunduki zao za kuwindia. Akasimama akiwatazama watu wazima wanavyogaragara sakafuni.

"Shemeji, ndiyo unawafundisha watu kufa vizuri?"

"Nawafundisha kushinda," Ezell akajibu. "Dunia ikituona hatuna kitu mikononi, itawaona wao walivyo."

"Dunia! Dunia gani, hapa Louisiana? Tupo sisi, wapo wao, na yupo mkuu wa polisi, binamu yao."

"Ukifyatua risasi moja, Roscoe, watatuua watu mia, halafu waseme tulianza sisi."

"Na nisipofyatua watakuua wewe, halafu wasiseme kitu."

Watu wakacheka. Miaka kumi na minne wawili hawa walikuwa wakibishana hivyohivyo mezani kwa Verlene, mmoja akimega mkate wa mahindi, mwingine akimnyang'anya siagi. Safari hii Ezell alimfuata mpaka mlangoni.

"Jumamosi usije na bunduki. Nakuomba, ndugu yangu."

"Nitakaa kwenye gari langu. Barabara si ya kanisa."

Jumamosi walitoka watu sitini na kitu, kwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Verlene alitembea ubavuni mwa mumewe. Kwenye kona ya duka la chakula cha mifugo wazungu walikuwa wakiwangoja na minyororo, chupa, na mipini ya shoka mipya kabisa, karatasi za dukani bado zimebandikwa. Polisi walikuwa kivulini, wanakunywa soda.

Chupa ya kwanza ilimpata mwalimu Oneida mdomoni. Akatema meno mawili, akaendelea kuimba. Kisha wakawavamia.

"Laleni!" Ezell alipaza sauti.

Verlene akalala. Buti likamwingia ubavuni, akasikia mfupa ukialika. Katikati ya viwiko vyake alimwona Dewey Haskins, mtu aliyemuuzia chakula cha kuku miaka tisa na kumuulizia mitetea yake kila alipokwenda. Haskins alinyanyua mpini akampiga Ezell mgongoni, kisha mikononi, pale alipokuwa amejifunika kichwa. Vidole vikapondeka. Pigo la tatu lilitua kwenye jicho la kushoto.

"Dewey," Ezell alisema, damu ikimjaa kinywani. "Dewey, inatosha."

"Usinitaje jina, mbwa wewe!"

Verlene alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Alijiambia ainuke. Hakuinuka. Hata baadaye hakujua kama ilikuwa utii au woga.

Bunduki ikalia. Haskins alikaa kitako barabarani kama mtu aliyesukumwa, akaliangalia goti lake, na goti halikuwepo. Roscoe alikuwa amesimama kando ya pikapu yake, ameshaielekeza bunduki kwa mwingine.

"Nani anafuata?"

Walikimbia wakikanyagana. Haskins akabaki akimlilia mama yake, na Verlene akatambaa mpaka kwa mumewe. Wale polisi wa kivulini sasa ndipo walipopata miguu. Roscoe aliweka bunduki juu ya boneti, akainua mikono. Wakamshukia saba kwa vitako vya bunduki mpaka uso wake ukavimba wote.

Ezell alizinduka siku ya tatu, katika wodi ya weusi, akiwa na jicho moja.

"Nani alifyatua?"

"Roscoe."

"Magazeti yanasemaje?"

"Kwamba weusi wamempiga mzungu risasi."

"Nilimwambia mimi."

Verlene akasimama, mbavu zimefungwa bandeji. "Ulimwambia. Na mimi nilikuwa nimelala pale, Ezell, mikono kichwani kama ulivyonifundisha, nasikia unavyovunjwa. Pigo moja zaidi ungekufa. Hebu niambie, ningeendelea tu kulala?"

Ezell akageukia ukutani, akalia.

Mwezi wa kumi na moja, katika kesi ya Roscoe, serikali ilimwita Ezell mahakamani, ikitegemea atamlaani shemeji yake.

"Mchungaji, si unahubiri kwamba ni dhambi kumpiga mtu risasi?" wakili akamuuliza.

"Nahubiri."

"Kwa hiyo mshtakiwa alikosea."

Ezell ilimbidi azungushe kichwa chote ili amwone Roscoe. "Alikosea. Na niko hai kwa sababu alikosea. Andikeni yote mawili."

Roscoe aliangua kicheko, jaji akagonga meza. Wazee wa baraza, wazungu watupu, walitumia dakika ishirini kumtia hatiani; jaji akampa miaka minane, kazi ngumu.

Maandamano hayakusimama. Ezell aliendelea kukataza hata kisu cha mfukoni katika mstari wake, na watu waliendelea kutii. Lakini nyuma ya mstari ilifuata pikapu ya Roscoe, wenzake wanne wamekaa nyuma na bunduki magotini, na aliyeshika usukani alikuwa Verlene. Ezell alijua. Nyumbani hawakulizungumza. Mezani Verlene alimkatia mumewe nyama, kwa kuwa vidole vile havikukunjika tena.