Kizimba cha Mapendo

Emmanuella alikuwa na farasi mmoja tu wa mbio, jike aitwaye Mapendo, na siku hiyo Mapendo hakuwa na pa kulala. Zizi walilopanga karibu na Jordbro, nje kidogo ya Stockholm, lilikuwa limeuzwa. Akikosa kizimba hapa kwenye uwanja wa mbio ingebidi amuuze, na hata kuliwaza jambo hilo kulimchoma moyo.

Lakini uwanja ulikuwa umepitisha kanuni mpya: vizimba wapewe kwanza wakufunzi wa Stockholm, wa mbali wangojee. Kilibaki kimoja. Msimamizi akamwita mbele ya watu wote. "Njoo, Emmanuella. Wewe ni wa hapa." Miaka yote aliyokaa Uswidi hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na mama wa watu akavimba kichwa.

Furaha ndiyo iliyomponza. Nyuma yake alisimama mkufunzi kutoka Malmö, macho mekundu kwa uchovu wa safari, farasi wake kainamisha kichwa. Mtoto wa Bukavu aliyelelewa akaleleka angempitaje mgeni kimyakimya? "Tangulia wewe, umetoka mbali," akasema kwa adabu zake zote.

Kwao, mgeni angekataa. Angesema hapana mama, wewe kwanza. Wangevutana kidogo, wangecheka, kisha Emmanuella angechukua kizimba chake kwa raha. Yule bwana alisema asante, akamwingiza farasi, akafunga mlango.

"Mama Tiana!" Sébastien, mumewe, alishika kichwa. "Sasa Mapendo atalala wapi? Mu salon yetu, juu ya makochi?"

Emmanuella alitamani ardhi ipasuke immeze. Neno lilikwisha kumtoka, na kumtoa mgeni ndani ni aibu isiyosemeka. Machozi yakamlenga.

Alma, mkufunzi wa vizimba vya jirani, alikuwa ameshuhudia kila kitu, naye alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa na vizimba viwili: kimoja cha farasi wake, kingine cha mbuzi mnene anayemliwaza huyo farasi.

"Mbuzi atahamia kwa rafiki yake, kwanza watafurahi," alisema. "Sisi wa hapa tutabanana. Mlete Mapendo."

"Hapana, Alma, usijisumbu..."

Sébastien alikohoa kwa nguvu. Emmanuella akalimeza neno lililobaki, akashika hatamu, akamwingiza Mapendo mbiombio hata kabla mbuzi hajatoka.