Josho la Saba

Siwema, mke wangu, alifariki Alhamisi ya kwanza ya Novemba, 1951, kabla ya adhuhuri, nyumbani kwetu Janga. Kata ya maji aliyoletewa na mama alfajiri ilikuwa bado imejaa. Tulimzika alasiri. Niliporudi nilikuta kanga yake kwenye kamba, imekauka, sikujua niiweke wapi.

Naandika nisije nikasahau yalivyoanza, maana aliyechagua ni mimi.

Mwezi wa Mei mwaka ule, Mzungu mpima ardhi aliyekaa Kisarawe alikuwa anarudi kwao. Aliacha mbwa wawili wa aina ndogo, wenye miguu mifupi na masikio ya kuning'inia, dume na jike wa tumbo moja. Mpishi wake, Mzee Mwinjuma, alisema atabaki na mmoja, wa pili anamtafutia mtu. Sisi tulikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto. Mimi nilishinda shuleni nikifundisha, mama shambani, na Siwema alizungumza na kuku. Alinisihi twende.

"Shikamoo, Mzee Mwinjuma."

"Marahaba, Mwalimu. Haya, chagua. Usikodoe macho hivyo, ni mbwa, si mchumba."

Siwema alicheka. Dume, jina lake Meja, alikuwa keshalala juu ya pindo la kanga yake.

"Huyu," alisema. "Mwenyewe kanichagua."

"Dume atazurura," nilimwambia. "Leo katoka, kesho tunamtafuta Mlandizi. Atapigana na mbwa wa watu, atuletee maradhi. Jike anatulia nyumbani."

Mwinjuma alikuna kidevu. "Kutulia atatulia. Lakini siku zake zikifika, Mwalimu, haendi yeye. Wanakuja wao."

"Nitajenga ua."

"Jenga mrefu."

Siwema alimtazama Meja kitambo, akavuta pindo lake taratibu. Tukaondoka na jike. Njiani akampa jina la Kidoti, kwa lile doa jeupe la kifuani.

Mama alitupokea mlangoni. "Mwalimu mzima na mbwa wa kubebwa! Basi sikilizeni. Ndani haingii. Siku akitia ulimi kwenye chombo changu, au akimlamba mtu humu, anarudi Kisarawe siku hiyohiyo."

"Ndiyo, mama," alijibu Siwema.

Alilishika sharti lile kwa miezi minne. Kidoti alilala kwenye kibanda nyuma ya jiko, akamfuata Siwema kisimani na kwenye kuni. Nikitoka shuleni nilimsikia mke wangu anacheka uani, jambo nililokuwa nimelisahau. Kumpoteza Kidoti kungemrudisha kwa kuku. Nililijua hilo, na mama pia alilijua.

Septemba siku za Kidoti zikafika. Mbwa wa kijiji walikuja watatu, kisha saba, wakakaa nje ya ua. Hawakubweka. Asubuhi tuliwakuta palepale, na umande mgongoni.

"Wanangoja nini hawa?" mama aliuliza, ingawa alijua.

Siku ya nne alikuja mbwa mgeni. Mama alimwona akitoka upande wa pori, mwembamba, taya limelegea, udenda unamchuruzika. Wale saba walimpisha, kisha wakatawanyika. Mama akaenda shambani akishukuru kwamba wameondoka.

Niliporudi nilikuta ua umetoboka. Siwema alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, viganja vimejaa udongo uliolowa.

"Kidoti kanilamba," alinong'ona. "Mama asijue, atamrudisha. Nimiminie."

Nilicheka. Nikachukua kopo, nikammiminia kama tulivyofundishwa tangu utoto, josho moja la udongo, sita ya maji, nikihesabu kwa sauti ya chini. Josho la saba alikunja kiganja kabla maji hayajaisha.

"Umetoharika," nilimwambia.

Baada ya siku mbili tulisikia kwamba mbwa yule mgeni ameuawa na wakulima njia ya Mlandizi. Alikuwa aking'ata hata miti.

"Alikugusa?" nilimuuliza Siwema.

Alikuwa anamkuna Kidoti shingoni. "Hakunigusa."

Niliamini. Mikono ile si nilikuwa nimeiosha mwenyewe?

Wiki ya tano alisema kiganja kinamwasha. Kisha akakosa usingizi. Asubuhi moja mama alimpa maji, akayatazama, koo likambana, akaisukuma kata. Nilikwenda kwa baiskeli kumleta mganga wa zahanati. Alikifungua kiganja cha Siwema dirishani. Palikuwa na alama mbili ndogo nyeupe.

"Lini?" aliuliza.

Siwema alijibu akinitazama mimi. "Nilimnyanyua Kidoti juu. Yule mgeni angemuua."

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Mngemwondoa."

Mganga alinitoa nje. Alisema zipo sindano, lakini hutolewa mapema, kabla ugonjwa haujaanza. Mama alikuwa amesimama karibu na jiko, amesikia yote. Tangu siku ile hajawahi kulitaja sharti lake, wala mimi sijamkumbusha.

Kidoti hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Jumbe aliamuru mbwa wote wa upande wetu wapigwe risasi, naye akapigwa pamoja nao. Meja yuko hai Kisarawe. Mzee Mwinjuma anasema hatoki barazani.

Shuleni, kila Jumatatu, tunakagua kucha za wanafunzi. Mimi nawaambia wafungue na viganja. Mwenye alama ya jino nampakia kwenye baiskeli, nampeleka zahanati siku hiyohiyo.