Zamu ya Pelky

Radi ilipiga mara moja, taa zikazimika, na mashine ya Delmar ikanyamaza. Nimeishi miaka mingi tangu mchana ule na nimesikia mengi ya kutisha, lakini hakuna kilichowahi kunitoa jasho kama kimya kile. Tangu nifikishwe wodini nilikuwa nalala na kuamka na sauti ya mashine ile, ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, mpaka nikaacha kuisikia. Ilipokatika ndipo nikaisikia.

Mkononi nilikuwa na dadu mbili. Nilikuwa nataka kuzirusha.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1952, Nebraska, kiangazi ambacho polio ilipita mashambani kwetu ikichagua itakavyo. Mabwawa ya kuogelea yalifungwa, sinema zikafungwa, akina mama wakawafungia watoto ndani kwenye joto la kuoka mkate. Mimi sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa mkulima wa mahindi, mwenye miguu ya kukimbiza ng'ombe, mpaka asubuhi moja nikataka kushuka kitandani miguu ikakataa. Delmar Novotny alinizidi miaka mitatu. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, na Jumapili alikuwa mdakaji wa timu ya mji wao, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira kwa glavu. Yeye ugonjwa ulimpanda mpaka kifuani. Wakamtia ndani ya pafu la chuma, pipa refu la kulala, kichwa tu kikibaki nje na shingo imebanwa na raba, na mwishoni mwake mfuko mkubwa wa ngozi ulioendeshwa na mota, ukimvutia pumzi na kumtolea. Mota ikisimama, naye anasimama. Kila mtu wodini alilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Juu ya uso wake palifungwa kioo, kama kile cha lori, na dunia yote aliitazama humo.

Mama yake alipomletea sanduku la besiboli ya mezani nilicheka. Kwetu tulikuwa na ule mchezo wa zamani, wa kuzungusha mshale juu ya duara la karatasi, unaucheza siku ya mvua kisha unausahau chini ya kitanda. Nikamuuliza kama ameletewa mwanasesere pia. Delmar akaniambia nifunge mdomo nirushe dadu. Huu ulikuwa mpya, umekuja kwa posta. Kila mchezaji wa ligi kuu alikuwa na kadi yake, na kadi imepigiwa hesabu kutokana na alichokifanya msimu uliopita, uwanjani, mbele za watu. Unarusha dadu mbili, nyekundu kubwa na nyeupe ndogo. Unasoma kubwa kwanza, halafu ndogo, kisha unaitafuta namba hiyo kwenye kadi ya mpigaji, inakwambia yaliyompata. Hodari anapiga, mbovu anapiga hewa mara tatu na kutolewa. Si kila mara, na hapo ndipo penye utamu. Lakini cheza mechi nyingi za kutosha, kila mtu atajirudia kuwa yule yule aliyekuwa. Mtu aliyelala ndani ya pipa akapata msimu mzima bila kuinua kidole. Haukupita muda nami nikawa na timu yangu, nikawa nagombana na Delmar juu ya wanaume nisiowahi kuwaona, kama mtu anavyogombana juu ya shemeji zake.

Nilirusha kwa ajili yetu sote wawili, maana mikono yake ilikuwa ndani. Kwa hiyo alikuwa na sheria, na aliishikilia kama amri ya kanisani: dadu hazinyanyuliwi kwenye sinia mpaka azione kwa macho yake kiooni. Nikamuuliza kama haniamini. Akasema ndiyo, haniamini, mtu mwenye timu mbovu kama yangu ana kila sababu ya kuiba.

Timu yake nayo ilikuwa na donda lake. Alikuwamo mdakaji mmoja, Orrin Pelky, ambaye kadi yake ilikuwa aibu tupu. Kwenye kadi ile palikuwa na namba moja tu ya maana, sita na sita. Hiyo ikitokea, mpira unaruka nje ya uwanja na wote waliosimama kwenye vituo vitatu vya uwanja, pamoja na mpigaji, wanarudi nyumbani wakitembea, kila mmoja na alama yake. Namba nyingine zote, hakuna kitu. Nilimsihi amwache benchi. Alikataa katakata. Mdakaji haajiriwi kupiga, aliniambia, anaajiriwa kubeba lawama.

Sasa niseme habari za Harlan Stuhr, kwa sababu bila yeye huwezi kuielewa hofu yangu. Harlan alikuwa mkulima, mtu mzima, kwenye mashine ya pili. Mchezo ulipoenea wodini naye akataka timu, na ndugu yake alikuwa akija mchana kumrushia dadu. Wiki moja wapiga mpira wa Harlan wakaanza kupiga kama waliotiwa dawa. Ndugu yake alirusha akiwa amekigeuzia kioo mgongo, akitangaza: nje ya uwanja, nje ya uwanja tena. Harlan alifurahi mpaka machozi. Delmar alikuwa anasikiliza, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. Kabla wiki haijaisha walimzungushia Harlan pazia, na asubuhi tukaona mashine yake inaoshwa kwa sabuni.

"Daktari alikuwa amemwambia ndugu yake kwamba haponi," Delmar alisema. Ilimbidi angoje mashine imvutie tena ndipo aendelee. "Dadu haina huruma, Verla. Ukiisikia ina huruma, ujue kuna mtu anaisemea. Siku utakayonihurumia, nitajua nimekwisha."

Nikamwambia asijali, simwonei huruma hata chembe. Akacheka. Lakini usiku ule nilikaa nikiitazama ile mashine tupu, na nilitamani asingeniambia.

Siku ya radi Delmar alikuwa na homa tangu juzi yake. Sista Tollefson, muuguzi wetu, ambaye kila akimnyoa alimtania kwamba ndevu zake ni za mbuzi, asubuhi ile alimnyoa polepole bila kusema neno. Mimi niliona. Delmar naye aliona, kwa sababu baada ya hapo hakuniuliza joto lake ni kiasi gani, na kila siku alikuwa akiuliza. Akasema tumalizie mechi yetu. Ilikuwa zamu ya mwisho kabisa ya kupiga. Nilikuwa namwongoza kwa alama tatu. Watu wake walijaa vituo vyote, wawili wameshatolewa, akitolewa mmoja tu mechi imekwisha. Na aliyekuwa anaingia kupiga ni nani? Pelky. Nikamwambia ambadilishe, hata mchezo una heshima yake. Akasema, rusha.

Ndipo radi.

Wodi yetu ilikuwa chini ya jengo, kwa sababu ya uzito wa mashine, na vidirisha vyake vilikuwa vimebana karibu na dari. Mbingu ilikuwa nyeusi. Sikuweza kuuona mkono wangu. Nilisikia viatu vinakimbia, ndoo inapinduka, mtu anafoka kwamba jenereta imegoma. Sista Tollefson akapapasa mpaka mwisho wa mashine, akaushika mpini wa dharura, wa kuendeshea mfuko kwa mkono umeme ukikatika, akaanza kuuvuta na kuuachia ule mfuko wa ngozi kwa mwili wake wote. Bwana Bohac, mpishi, alikuja mbio na aproni yake inanuka vitunguu, akashika naye. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha magurudumu pembeni ya kichwa cha Delmar, nimefungwa miguuni blanketi za sufu za moto, tiba ya polio siku zile, sina faida kwa mtu yeyote.

Nilimsikia anakoroma. Alikuwa anavuta kabla ya mfuko kuvuta, anameza hewa isiyokuwepo, anashindana nao. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso wake, limelowa chapachapa.

"Asishindane nasi!" Sista Tollefson alisema huku anahema. "Akiogopa atakabwa. Verla, mwambie chochote, mtulize."

Mtulize. Nani angenituliza mimi? Nikamwambia nipo. Nikamwambia taa zinarudi sasa hivi, na hata mimi sikuamini. Ndipo, mpini ulipomtolea pumzi, neno likatoka nayo.

"Rusha."

Nikarusha. Dadu ziligonga sinia la bati juu ya kimeza karibu na sikio lake, zikabiringika, zikatulia. Alizisikia. Nilihisi amenyamaza kusubiri, na mpini ukavuta, na safari hii hakushindana nao.

Nikanyoosha kidole gizani. Dadu zile zilikuwa na matundu ya kuchimbwa, nami nilikuwa nimezishika kiangazi kizima. Kubwa: matatu upande huu, matatu upande ule. Sita. Nikaitafuta ndogo, taratibu, nisiipindue. Matatu. Matatu.

Nikapapasa tena. Sita na sita.

Katika mechi zote tulizocheza, Pelky hakuwahi kuutoa mpira nje ya uwanja. Hata mara moja. Na sasa alikuwa ameutoa, vituo vimejaa, katika zamu ya mwisho, kunishinda kwa alama moja, gizani, Delmar ana homa na mashine imekufa. Nikimwambia ukweli, ataamini nini? Atasikia sauti ya ndugu yake Harlan. Atajua kwamba nimemhurumia, kwamba Sista ameninong'oneza, kwamba pazia linakuja. Na mtu anayejua amekwisha, gizani, shingo imebanwa, hawezi kutulia.

"Nini?" pumzi ikamtoka.

Mpini ukavuta. Nilikuwa na muda wa mvuto ule mmoja.

"Kapiga hewa," nikasema. "Mara tatu. Mechi imekwisha, bwana, nimekushinda."

Mpini ukavuta, ukaachia. Nikangoja nisikie ule mkoromo.

"Pelky," akasema. Mvuto mwingine. "Mpumbavu." Mwingine. "Mkono wa bibi."

Bwana Bohac, kwenye mpini, akaguna kicheko bila kutaka. Nami nikadaka hapo hapo, nikamwambia asiwasingizie mabibi, bibi yangu angeugonga ule mpira hata kwa mwiko. Delmar akasema Pelky hajui rungu linashikwa upande gani. Nikasema mama yake alimzaa amegeuka. Alikuwa anatoa tusi moja kwa kila pumzi, na kwa kuwa hakuweza kutukana ila mfuko ukiachia, alilazimika kuufuata mfuko. Tulimtukana Pelky, mkewe, kocha wake na kampuni iliyomtengenezea glavu. Nilikuwa nalia, machozi yananiingia mdomoni, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayegombana sokoni. Sijui ulikuwa muda gani. Sista Tollefson aliniambia baadaye ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye mpini.

Taa zikarudi zote kwa pamoja. Mota ikakohoa, ikashika. Bwana Bohac akaketi sakafuni kama gunia.

Mtu mwingine yeyote angeshazizoa dadu zile akazificha. Mimi nilikuwa na giza lote lile la kufanya hivyo, na sikuzigusa. Haikunijia hata akilini. Mwenye timu hajaziona, haziondolewi. Kwa hiyo zilikuwa pale kwenye sinia chini ya taa, nyekundu na nyeupe, na macho ya Delmar yakapanda kiooni.

Alizitazama muda mrefu. Mashine ikavuta, ikatoa.

"Sita na sita," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulizipapasa vizuri?"

"Mara mbili."

Mashine ikavuta, ikatoa. Nilimtazama usoni nikiogopa nitakachokiona. Midomo yake ilikuwa bado ya buluu, na alikuwa anatafuta neno.

"Ungeniambia," alisema, "ningejua ni pazia."

"Najua."

"Basi andika. Alama nne." Akangoja pumzi yake. "Mwizi mkubwa wewe. Nimekushinda."

Niliandika, ingawa asubuhi yake sikuweza kuusoma mwandiko wangu.

Homa yake ilishuka Jumapili. Sista Tollefson, viganja vimefungwa bendeji, akamnyoa na kumwambia ndevu zimezidi kuwa za mbuzi, nami nikageukia ukutani nikajifanya napiga chafya. Kesho yake tulianza mechi mpya. Zamu ya Pelky ilipofika nilitikisa dadu na kutazama kiooni, kwa mazoea, nikingoja macho yake. Alikuwa ameyafumba.

"Tazama," nikamwambia.

"Sema tu," akasema.

Nikarusha. Dadu zilitulia, na Delmar akawa amelala pale, macho yamefumbwa, ananingoja mimi. Niliinama nikazisoma, nikazisoma tena, mchana kweupe, kubwa kwanza, halafu ndogo.

"Kapiga hewa," nikasema, na ilikuwa kweli.

Delmar alingoja mashine imtolee pumzi.

"Ndiye Pelky huyo," akasema.