Chupa ya Mwinyimadi

Mwaka wa arobaini na saba nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati moja upande wa Maneromango. Kazi nimefanya nyingi, ile ilinishinda.

Waliletwa wawili kwa machela. Mwinyimadi, paja limepasuliwa kwa panga mpaka mfupa unaonekana, na Saburi aliyempasua, mguu umevunjwa kwa mpini wa jembe. Walipigania mpaka wa shamba la mihogo. Chumba kilikuwa kimoja, tukawalaza jirani.

Bwana mganga akaniambia, "Huyu Mwinyimadi damu imemtoka nyingi, figo zinaweza kufa. Anachokunywa pima, andika. Anachokojoa pima, andika. Asipokojoa mpaka kesho adhuhuri, mpe kikombe kimoja tu kwa siku, maji yasimjae mwilini." Akapanda baiskeli, akaenda Kisarawe.

Nikabandika jina la Mwinyimadi kwenye chupa ya mkojo, nikaiweka chini ya kitanda. Aliyemuuguza ni dada yake, Mwamvita. Kila nikija, chupa kavu. Mgonjwa mwenyewe anaweweseka. Ukimuuliza kama amekojoa, anajibu habari za mihogo. Nikaandika: hakuna. Hakuna. Adhuhuri ikapita, nikazuia maji.

Alilamba shuka. Nilipomfuta midomo alining'ata kidole, akang'ang'ania mpaka damu ikatoka, akainyonya.

Siku ya tatu Saburi akacheka. "We dresa, mjinga kweli! Huyu dada anamwaga kila chupa nyuma ya choo. Mkojo wa kaka yake ukae hapa una jina, na mie nimelala ubavuni? Anaogopa nitaupeleka kwa mchawi!"

Mwamvita alikuwa mlangoni, chupa mkononi, ina kitu ndani.

"Usimwage!" Nikamrukia.

Akaivunja kwenye mwimo wa mlango, akanichana shavu, nikaanguka. Kisha akamwendea Saburi, akamchoma shingoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mkono wake mwenyewe ukakatika kiganja. Saburi hakucheka tena.

Nikatambaa hadi mtungini. Mwinyimadi akanywa kata nzima, akataka nyingine.

"Umemwaga ngapi, dada?"

"Sita."

Nikaandika sita. Mwinyimadi akayatapika maji yote, akafa kabla ya alasiri, kichwa mapajani mwa dada yake.

Askari walipokuja kumfunga pingu, Mwamvita aliniuliza kama figo za kaka yake zilikuwa nzima.

Nikamwambia zilikuwa nzima.